Samaki waliokua kwa usiku mmoja

Daftari la kwanza nililokabidhiwa kazini lilikuwa linanuka shombo. Kaunta buku la jalada gumu, kurasa zimevimba kwa maji ya chumvi, na katikati ya Machi na Aprili yamenasa magamba mawili ya samaki aitwaye kibua. Mkuu wangu aliliweka mezani akasema, "Humo mna samaki wote wa mwaka jana. Tuambie baharini wamebaki wangapi." Ilikuwa 2013. Nilikuwa na shahada kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimepangiwa Tanga, na sikuona kama swali lile lina ugumu wowote.

Vijana wanaoingia kwenye tathmini ya akiba za samaki huniuliza waanze na nini: hesabu, kompyuta au bahari yenyewe. Huwa nawasimulia habari ya vibua wangu. Leo naiandika yote, pamoja na sehemu ninazozirukaga tukiwa kwenye chai.

Kazi yenyewe kwanza. Samaki hawahesabiki kama ng'ombe zizini. Wenzetu wa bahari za baridi wana ahueni: ndani ya sikio la samaki kuna kijiwe, na kila mwaka kijiwe hicho huongeza pete, kwa hiyo ukikikata unasoma umri. Kwetu maji ni ya joto mwaka mzima, pete hazijitokezi vizuri, na kuzisoma kunataka vifaa na jicho lililozoea. Basi sisi tunapima urefu. Fikiria umesimama getini kwa shule ya msingi, hujui umri wa mtoto hata mmoja, una rula tu. Ukiwapima wote utaona vimo vimejikusanya kama vilima: hiki cha darasa la kwanza, kile cha la pili, kile cha la tatu. Rudi baada ya miezi michache, vilima vimesogea. Msogeo ule ndio ukuaji. Na jinsi vilima vinavyozidi kuwa vifupi kuelekea kwa wakubwa, ndivyo unavyokisia samaki wanapungua kwa kasi gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Daniel Pauly, akiwa Manila, aliigeuza kazi hiyo kuwa programu ya kompyuta iitwayo ELEFAN, akizilenga hasa nchi za joto. Baadaye ikaingizwa ndani ya FiSAT, programu ya bure ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na hiyo ndiyo niliyotoka nayo chuoni.

Programu inatafuta namba mbili: urefu ambao samaki angeufikia kama angeachwa azeeke, na kasi ya kuukaribia urefu huo, ambayo huandikwa kwa herufi K. Niliilisha data za lile daftari ikanichorea vilele vinne, vyote karibu sawa. Maana yake data zangu zilikuwa zinakubaliana na aina nne za maisha ya kibua, kuanzia anayekua polepole mpaka anayekua mbio. Nilipaswa kuandika hivyo hivyo. Badala yake nilifungua makala ya watafiti wa nchi nyingine, nikaangalia K yao, nikachagua kilele kilichokaa jirani nayo. Ripoti ikapanda juu ikiwa na namba moja yenye desimali mbili. Hakuna aliyeuliza imepatikanaje, nami nikadhani kutoulizwa ni kufaulu.

Kosa la pili lilikuwa la kijinga zaidi, na mpaka leo nakutana nalo kwenye mafaili ya watu wazima. Nilikuwa naandika makundi ya urefu, kwa sentimita, kwenye Excel hivi: 10-11, 11-12, na kuendelea. Excel ikaona 10-11 ikasema, ahaa, hii ni tarehe. Ikaona 11-12, tarehe tena. 13-14 ikaiacha, kwa sababu mwezi wa kumi na nne haupo. Nilipopanga safu kwa mfuatano, samaki wadogo wote wakaruka kwenda upande mmoja wakiwa wamevaa majina ya miezi. Nilipoteza siku tatu nikiwarudisha kwa mkono, na sina hakika kama wote walirudi. Tangu hapo naandika urefu wa kila samaki peke yake, samaki mmoja mstari mmoja, na makundi naacha kompyuta iyatengeneze mwishoni. Kama utachukua jambo moja tu hapa ukaenda zako, chukua hilo.

Septemba 2016 nilipata nafasi ya kwenda Iceland kwa miezi sita, kwenye programu ya mafunzo ya uvuvi iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Siku hizi iko chini ya mwavuli wa UNESCO. Nilibeba kilo tano za sembe na sikujuta hata siku moja. Wale watu wanaishi kwa samaki. Tangu 1985, kila mwezi wa Machi, meli zao huzunguka bahari yao zikitupa wavu kwenye vituo vilevile kwa namna ileile. Mimi nilikuwa na daftari la mwaka mmoja lenye magamba.

Ila kilichonikaa moyoni hakikuwa meli. Siku moja mwalimu alifungua tathmini ya samaki wao mkuu, cod, yule ambaye vichwa vyake vilivyokaushwa huuzwa mpaka Nigeria. Akabonyeza kitufe kimoja, na hesabu zote zikajiendesha mbele yetu kuanzia data ghafi mpaka mchoro wa mwisho. Data ziko wazi, msimbo, yaani maagizo yanayoiongoza kompyuta, uko wazi, mtu yeyote anaweza kuvichukua akarudia. ICES, baraza la kimataifa linalotoa ushauri wa uvuvi kaskazini mwa Atlantiki, lina utaratibu wake wa kuweka tathmini hadharani namna hiyo, unaitwa TAF. Nikanyoosha mkono: "Na mtu akikuta kosa?" Mwalimu akanitazama kama vile hakulielewa swali. "Basi atakuwa amelikuta," akasema.

Nililibeba jibu hilo kama kichekesho. Kwetu mtu akikuta kosa kwenye ripoti yako, kuna kikao.

Nilijifunza R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu, kwa machozi. Sisemi kwa mapambo. Kuna usiku niliifunga kompyuta nikalia kwa sababu ya koma moja. Sikuwahi kuandika programu maishani. Kilichonisaidia ni kuacha mifano ya vitabuni, yenye maua na magari, nikaanza kufanyia kazi samaki wangu mwenyewe. Mchoro ukitoka vibaya na samaki ni wako, unajua ni vibaya. Niliporudi nyumbani, mwaka 2017, nikakutana na kifurushi cha R kinachoitwa TropFishR, ambacho kinafanya kazi za FiSAT na zaidi, bure, na kila hatua unaiona. Kompyuta ya ofisi haikukimudu. Nikakopa SACCOS nikanunua yangu, na mkopo ule nimeumaliza baada ya miaka miwili. Nalitaja kwa sababu watu husema programu huria ni bure. Programu ni bure. Kompyuta, bando na usiku wako hulipi kwa programu huria.

Kuanzia Januari 2018 nikapata fedha kidogo za kukusanya data upya kwenye mwalo mmoja upande wa Pangani: vibua wa ringineti, wavu unaozungushiwa kundi la samaki kisha ukafungwa chini, miezi kumi na minne, urefu wa kila mmoja na uzito wa baadhi. Mimi nilikuwa Tanga mjini. Mwaloni kulikuwa na kijana mkusanya takwimu aliyekuwa ananitumia picha za kurasa kwa WhatsApp. Nilikwenda mara mbili tu katika miezi yote hiyo, na mara zote mbili nilishinda chini ya mwembe nikiongea na viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi pale mwaloni, sikukaa na ubao wa kupimia. Andika hilo pembeni.

Modeli ikatoa jibu la kutisha. Vibua walikuwa wanakua haraka mno na kufa haraka zaidi. Kuna kipimo tunachokitumia sana, sehemu ya vifo inayotokana na uvuvi ukilinganisha na vifo vyote. Kwa mazoea ikivuka nusu, yaani 0.5, tunasema wanavuliwa kupita kiasi. Yangu ilivuka kwa mbali. Nikapendekeza ringineti zifungwe miezi mitatu kwa mwaka. Ofisini walilipenda pendekezo lile. Ni pendekezo linaloeleweka, lina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na linapendeza kwenye hotuba.

Makala niliiandika kwa ajili ya jarida, na nikaamua kuweka data na msimbo hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikishana kazi za namna hiyo. Kupata ruhusa kulichukua miezi mitano. Ofisini kulikuwa na hofu mbili, na moja niliiheshimu: kwamba watu wa nje watachukua jasho letu, waandike, wapate vyeo, sisi tubaki kwenye aya ya shukrani. Hilo limetokea sana mwambao huu, na anayesema data ziwe wazi bila kulitaja hajawahi kukesha mwaloni. Hofu ya pili haikusemwa kwa sauti: vipi kama tumekosea? Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni umiliki wa data uandikwe kwenye karatasi kabla samaki wa kwanza hajapimwa. Nani anazitoa, lini, kwa masharti gani, jina la mkusanya takwimu litatajwa wapi. Mimi niliomba mwishoni, wakati kila mtu ameshaona kuna kitu cha kugombania. Na ada za majarida zisikutishe: mengi huzisamehe kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila uombe kabla ya kuwasilisha. Ukiomba baada ya kukubaliwa unajikuta unaandikiana barua na roboti.

Novemba 2019, saa tano usiku, ukaingia ujumbe. Mwanafunzi mmoja wa Kerala, India, ambako kibua huyuhuyu anaitwa ayala na hakosekani jikoni, alikuwa amechukua data zangu za kujifunzia. Aliandika kwa adabu sana. Kwanza alinishukuru. Kisha akauliza: kwa nini samaki wako walikua zaidi ya sentimita mbili kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai?

Alikuwa ameambatisha mchoro. Upande mmoja urefu, upande mwingine uzito. Kwa samaki wa aina moja nukta zote hukaa kwenye mkondo mmoja. Zangu zilikaa mikondo miwili iliyofuatana kama reli ya Tanga, mmoja wa miezi ya kabla ya Julai, mwingine wa kuanzia Julai. Kwa uzito uleule, samaki wa Julai alikuwa mrefu kuliko samaki wa Juni. Uzito nilikuwa nao muda wote. Sikuwahi kuuchora, kwa sababu modeli haikuuomba.

Nadhani nilielewa kabla sijamaliza kusoma, maana mikono ilikufa ganzi. Kibua ana mkia wenye panda. Unaweza kumpima toka mdomoni mpaka kwenye panda, au mpaka ncha ya mwisho ya mkia, na tofauti kwa samaki wa sentimita ishirini ni hizohizo mbili na ushee. Asubuhi nikampigia kijana wa mwaloni.

"Samahani, wewe unampimaje kibua, mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho wa mkia, dada. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze. Julai, mwaka jana. Yule mwenzangu wa mwanzo aliondoka Juni, si ulijua?"

Sikujua. Namba ya simu ilikuwa ileile ya ofisi ya BMU, mwandiko nilidhani umebadilika kwa sababu ya kalamu, na mimi sikuwahi kumuuliza jina. Kwenye miezi kumi na minne, watu wawili walikuwa wamesimama kwenye ubao uleule wakipima vitu viwili tofauti, wote kwa uaminifu, na mimi niliwaunganisha wakawa samaki anayekua kwa usiku mmoja. ELEFAN iliona kilima kimeruka ikafanya kazi yake: ikasema ukuaji ni wa kasi kubwa. Kasi kubwa ya ukuaji ikazaa kasi kubwa ya vifo, na vifo vikazaa miezi mitatu ya kufunga.

Kikao cha kuwatangazia wavuvi kilikuwa kimepangwa wiki tatu mbele.

Nilikaa na siri ile siku nne. Nimeandika siku nne, lakini kwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili anayejifanya ana mafua, ni muda mrefu. Nilifikiria mambo ambayo sasa yananiaibisha. Kwamba yule mwanafunzi ni mmoja tu. Kwamba naweza kufunga ukurasa nikasema ni matengenezo. Kwamba kufunga miezi mitatu hakutawadhuru vibua, hata kama hesabu si sahihi. Hili la mwisho ndilo lililonitoa kitandani, kwa sababu nililisikia linavyosikika. Boti moja ya ringineti ina watu wengi, na kila mmoja ana nyumba, na nyuma yao wako wakina mama wanaokaanga na wanaobeba tenga. Wote wale wangekaa miezi mitatu kwa sababu ya panda ya mkia.

Nilikwenda kwa mkuu nikamwonyesha mchoro. Alikasirika, na ana haki yake. "Umetuaibisha," alisema, kisha akasema neno lililoniuma zaidi: "Ungeiweka kabatini, nani angejua?" Nikamjibu kwamba hakuna ambaye angejua. Tukatazamana. Kikao kikaahirishwa. Mwaka ule jina langu halikuwemo kwenye orodha ya waliopandishwa daraja. Sisemi sababu ni hiyo, nasema tu halikuwemo. Kwa yule mwanafunzi niliandika: umeona kweli, asante, naomba tusahihishe pamoja. Tukaweka tangazo la kosa juu kabisa ya ukurasa kabla ya kugusa chochote kingine. Huo ndio mpangilio ninaoupendekeza: tangaza kwanza, rekebisha baadaye. Ukianza kurekebisha kimyakimya utajikuta unarekebisha mpaka utakaposahau kutangaza.

Januari 2020 nilipanda basi kwenda kupima vibua mia tatu, kila mmoja mara mbili, panda na ncha, ili nipate namba ya kubadilishia urefu mmoja kuwa mwingine. Nauli na malazi vilitoka mfukoni. Safari hii nilikaa na ubao. Ukitaka kujua data zako zinatoka wapi, pima samaki mia saa kumi na mbili asubuhi, mikono imejaa utelezi, mnunuzi amesimama juu yako na ndoo akikuambia umcheleweshee nani. Kufikia samaki wa sitini nilijikuta nakadiria. Niligundua pia kwamba kijana wetu alikuwa anapima walio juu ya tenga tu, kwa sababu mwenye samaki hataki tenga lake lichambuliwe. Na juu ya tenga huwekwa wakubwa.

Mzee mmoja nahodha alikuwa ameketi juu ya gogo akishona wavu, ananitazama muda wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetaka tufunge?"

"Ni mimi. Nimekuja kwa sababu nilikosea."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Mtu wa samaki kusema nimekosea," akasema, "hilo nalo lipime uliandike." Vijana waliokuwa karibu wakacheka, na mimi nikacheka, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kufundishwa.

Nikamwonyesha mchoro wa vilima kwenye daftari. Aliusoma haraka kuliko baadhi ya wanafunzi niliowahi kuwafundisha. Akaweka kidole upande wa kulia, baada ya sentimita ishirini na nne, ambako nguzo zinakatika ghafla. "Hapa mbona hakuna mtu?"

"Hapo modeli inasema wameshakufa, mzee."

"Kawaua nani? Hawajafa. Hawapo tu." Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kibua mkubwa ana nguvu na ana hila. Ringineti ikianza kufungwa chini anapiga mbizi, anatoka kabla pete hazijakutana. Na msimu huu wa kaskazi wakubwa wako nje, kwenye kina, ringineti za hapa hazifiki. "Ukitaka kuwaona, amka alfajiri uende upande wa pili, wale wa jarife wanashuka kule."

Nikaenda kuwaona hao wa jarife, wavu wa kutega ambao samaki hunasa kwenye matundu yake. Ilikuwa bado giza, mashua mbili zimepanda mchanga, na kwenye tenga la kwanza nililoangazia tochi kulikuwa na vibua wa sentimita ishirini na nane, ishirini na tisa. Mmoja alivuka thelathini. Katika maelfu ya samaki wa faili langu, hakukuwa na hata mmoja wa kimo kile. Walikuwa wanashushwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka pale nilipokuwa nakusanya data.

Hili ni jambo ambalo vitabuni limeandikwa kabisa, na mimi nilikuwa nimelifanyia mtihani nikafaulu. Hesabu za namna ile zinachukulia kwamba samaki akishafikia kimo cha kunaswa, basi ataendelea kunaswa kwa urahisi uleule mpaka uzeeni. Kama chombo chako kinawakosa wakubwa, modeli haina namna ya kujua. Inaona kiti kitupu inaandika marehemu. Panda ya mkia ilikuwa kosa la uzembe, na mwanafunzi wa Kerala aliweza kuliona akiwa kwao kwa sababu lilikuwa ndani ya faili. Hili la pili halikuwa ndani ya faili. Hakuna msimbo wala data huria ambayo ingemwonyesha mtu wa mbali vibua walioko upande wa pili wa ufuo. Lilikuwa kichwani mwa mzee anayeshona wavu, na yeye alikuwa anangoja mtu amwonyeshe mchoro.

Turudi kwenye hesabu. Baada ya kubadilisha urefu wote kuwa wa panda, K ilishuka na kile kipimo cha vifo kikarudi karibu na mstari wa nusu. Nilipoongeza samaki wa jarife kikashuka tena, lakini upana wa kutokuwa na hakika ukawa mkubwa kiasi kwamba ningeweza kutetea jibu lolote kati ya "wako salama" na "wanavuliwa kupita kiasi". Nikaandika hivyo. Safari hii vilele vyote nilivichora, nikaacha vikae pale kwenye ukurasa wa kwanza. Ofisini mtu mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, serikali inilipe mshahara ili niseme sijui? Nikamwambia sijasema sijui. Nimesema najua kwa upana huu, na hizi ndizo data zitakazoupunguza. Pendekezo la kufunga likaondolewa. Badala yake tukaomba sampuli za jarife na za ringineti kwa pamoja, misimu yote miwili, kusi na kaskazi. Miezi miwili baadaye ikaingia korona, na sampuli zikasimama karibu mwaka mzima. Ndivyo ilivyo.

Kuna kosa moja ambalo nusura nilifanye, na lingekuwa baya kuliko yote mawili. Kwenye safari zilizofuata manahodha wanne walikubali kubeba vifaa vya GPS. Nilikuwa nimeshaonja utamu wa uwazi, nikataka kuweka njia zao zote hadharani pamoja na data nyingine. Kabla sijafanya hivyo nikamwonyesha yule mzee ramani kwenye kompyuta. Akanyamaza. Akaonyesha sehemu moja ambako mistari imejikunja. "Mwamba huu nilionyeshwa na baba yangu," akasema. "Ukiuweka humo, kesho wako watu hapo na baruti." Nilizifuta nukta palepale mbele yake. Tulichokubaliana ni ramani ya miraba mikubwa, ambayo inatosha kwa mahesabu na haimwonyeshi mtu mwamba wa mwenzake. Data nyingine ziwe wazi mpaka uvunguni. Mahali pa kuvulia ni mali ya anayepajua, na ukiwa hujamuuliza hujapewa.

Mambo madogomadogo, kwa anayeyahitaji. Git, programu inayotunza kila toleo la mafaili yako, itakutesa mwezi mmoja, vumilia, halafu hutarudi tena kwenye mafaili yanayoitwa "data_ya_mwisho_sahihi_2". Kila faili la data liwe na karatasi yake ya maelezo: nani alipima, kwa chombo gani, mpaka wapi, lini alibadilishwa. Jina la mkusanya takwimu liwe safu ndani ya data, pembeni ya urefu. Ningekuwa nayo, ningeona Julai kwa dakika tano. Chora kila kitu dhidi ya kila kitu kabla ya kuita modeli yoyote. Na mtafute msomaji wa mbali asiyekujua na asiyekuogopa. Yule wa Kerala sasa ni daktari wa falsafa, jina lake liko la pili kwenye makala iliyosahihishwa, na hatujawahi kuonana. Huwa ananitumia picha za ayala wa kukaangwa, nami namtumia vibua wa kupaka. Bado tunabishana nani anajua kupika.

Ubao wa kupimia tuliutengeneza upya kwa fundi seremala wa palepale. Una mstari mwekundu, na juu yake umechorwa mkia wenye panda na mshale unaoingia katikati. Kijana wa mwaloni amebaki yuleyule tangu Julai 2018, na sasa jina lake nalijua, na la mama yake.

Wiki iliyopita alinipigia saa moja asubuhi. Nyuma yake nilisikia kelele za mnada.

"Dada, huyu mkia wake umekatwa, nadhani kaliwa na nguru. Nimpime wapi?"

"Mruke," nikamwambia. "Andika amekatwa mkia, halafu chukua anayefuata."

"Nimeshaandika," akasema. "Nilitaka tu kuhakikisha."